Sura ya Sita: Mtoto Aliyekufa Bila Cheti

Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ndivyo ilivyosema ripoti ya utafiti wa kitaifa wa afya ya mwaka 2022. Mwaka 1999 utafiti kama huo ulikuta watoto 147. Kushuka huko ni jambo kubwa, tena ni la kweli. Chandarua, chanjo ya surua na dawa mseto ya malaria vimewakuza watoto ambao kizazi kimoja nyuma wangezikwa. Sina nia ya kulitilia shaka hilo.

Ninachotaka msomaji akione katika sura hii ni kitu kingine. Namba hiyo 43 haikutoka kwenye daftari la vifo. Hakuna ofisi ya serikali, kuanzia ya mtendaji wa kijiji hadi ya wizara, yenye orodha kamili ya watoto hao, jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Nchini mwetu huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kwa kiwango cha 43, maana yake tunapoteza watoto wadogo zaidi ya 80,000 kwa mwaka, na wengi wao huzikwa bila kifo chao kuandikwa mahali penye nguvu ya kisheria. Kiwango tunachokisoma kimepatikana kwa kuwaendea wanawake zaidi ya 15,000 majumbani mwao na kumuuliza kila mmoja amezaa watoto wangapi, na wangapi wamefariki. Tunajua watoto wetu wanakufa kwa kiasi gani kwa sababu mama zao wanakumbuka.

Sheria ya kuwaandika ipo, tena ni kongwe. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, chimbuko lake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1920. Walioitunga hawakuwa na haja ya kumhesabu kila mtu. Mzungu akizaliwa au akifa Tanganyika ilikuwa lazima aandikwe, lakini Mwafrika hakulazimika, na kwa miongo mingi daftari la vifo likabaki la watu wachache, wengi wao wa mjini. Baadaye wajibu ukapanuliwa, ila mazoea ya watu hayakubadilika pamoja na sheria. Leo kifo kinatakiwa kiripotiwe ndani ya siku 30. Msajili wa wilaya ni Katibu Tawala wa Wilaya, na juu yake ipo RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambayo Watanzania wengi huikumbuka siku wanapohitaji cheti cha kuzaliwa ili kuomba mkopo wa chuo.

Mtu mzima akifa, familia italazimika kukitafuta cheti cha kifo, itake isitake. Bila hicho mirathi inakwama mahakamani, benki haitoi fedha za marehemu, na mjane anazungushwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtoto wa miezi minane hana akaunti wala shamba. Cheti chake cha kifo hakimfungulii mtu mlango wowote, na kukipata kunagharimu: nauli ya kwenda wilayani, siku nzima ya kazi, ada, na juu ya yote swali la karani kama mtoto mwenyewe alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Mara nyingi hakuwa nacho. Utafiti wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamesajiliwa kuzaliwa kwao, na ule wa 2015-16 asilimia 26. Mbele ya sheria, watoto wengi waliofariki miaka ile hawakuwahi kuzaliwa.

Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA ilianza mpango ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za utawala zilizofanywa nchini katika kipindi hicho. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliandikishwa kwenye ofisi ya kata au kituo cha tiba, taarifa zake zikatumwa kwa simu ya mkononi, na mama akaondoka na cheti bila kulipa chochote. Mikoa ikaingia mmoja baada ya mwingine. Vifo havikufuata kwa mwendo huo. Sasa tunajenga daftari ambamo mtoto anaingia kwa urahisi na hatoki. Aliyesajiliwa akiwa na wiki mbili na akafa akiwa na miezi mitano, kwenye mfumo yuko hai. Kliniki inamhesabu kama mtoro wa chanjo. Mhudumu wa afya ya jamii anafunga safari kumtafuta mtoto ambaye hakuletwa kwa chanjo ya surua ya miezi tisa, anapiga hodi, na bibi wa nyumba hiyo anamwonyesha kaburi nyuma ya migomba. Mhudumu hurudi na habari hiyo kichwani. Asipokuwa na fomu ya kuijaza, inaishia hapo.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Kenya ina utaratibu mkali zaidi, kwa kuwa kifo cha nyumbani huripotiwa kwa chifu au naibu wake na mazishi yanahitaji kibali, lakini hata huko vifo vingi havifiki kwenye daftari, na kiwango kinachotajwa (115 mwaka 2003, 41 mwaka 2022) kimetokana na utafiti wa nyumba kwa nyumba kama wetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika kanda yake ya Afrika ni takriban kifo kimoja tu kati ya kumi kinachosajiliwa.

Njia ya kuwauliza akina mama ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu. Mwaka 1948 ilifanyika sensa ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Mskoti kijana aliyesomea hisabati, William Brass, akaja Nairobi kufanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki. Alikaa hadi 1955. Kazi yake ilikuwa kupima uzazi na vifo vya watu wasiokuwa na rekodi ya kuzaliwa wala ya kufa, na ambao wengi wao hawakujua umri wao kwa mwaka. Alichokuwa nacho ni majibu ya wanawake kuhusu watoto waliowazaa na waliobaki hai.

Brass aliona kwamba majibu hayo yana siri ndani yake. Wanawake wa miaka 20 hadi 24 wamezaa karibuni, kwa hiyo watoto wao, wazima na waliokufa, kwa wastani ni wa miaka michache tu. Ukichukua sehemu ya watoto hao waliofariki, unakaribia sana uwezekano wa mtoto kufa kabla ya umri wa miaka miwili. Kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29 unakaribia umri wa miaka mitatu, na kwa wa miaka 30 hadi 34, miaka mitano. Kilichobaki ni kusahihisha kwa vizidisho vinavyofuata umri ambao wanawake wa nchi inayopimwa huanza kuzaa. Mama hatakiwi kujua tarehe hata moja. Njia hiyo ilipata umbo lake kamili katika kitabu kuhusu demografia ya Afrika ya tropiki ambacho Brass na wenzake walikitoa mwaka 1968, na tangu hapo imetumika Asia, Amerika ya Kusini na kila mahali ambapo daftari halikuwapo. Kwa hesabu za namna hiyo sensa za Tanzania zilikadiria kwamba kati ya kila watoto 1,000, 137 walikufa kabla ya mwaka mmoja katika sensa ya 1978, na 115 katika ile ya 1988. Kila ninaposoma habari za Brass, nawafikiria wanawake waliomjibu karani wa sensa wakiwa wamesimama uani, wakitaja idadi ya watoto waliowazika. Elimu ambayo dunia inaitumia mpaka leo ilijengwa juu ya majibu yao, na hakuna kitabu kinachowataja.

Lakini kumbukumbu ya mama haiwezi kubeba mzigo wote. Kwanza, mama aliyekufa haulizwi. Katika miaka ambayo UKIMWI uliua wazazi wengi, watoto waliokuwa hatarini zaidi walikuwa walewale ambao mama zao hawakubaki kuwasimulia, kwa hiyo namba za wakati huo zilikuwa nafuu kuliko hali yenyewe. Pili, tafiti za sasa huuliza kwa kina zaidi kuliko Brass: kila mtoto, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na kama amefariki, alikuwa na siku ngapi, au miezi mingapi, au miaka mingapi. Hapo majibu huvutwa na namba nzima. Mtoto aliyekufa na miezi 11 na aliyekufa na miezi 14 wote husemwa walikuwa na mwaka mmoja, na papo hapo mmoja anahama kutoka kundi la wachanga kwenda kundi la wakubwa. Tatu, mhoji naye ni binadamu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka ya karibuni hufungua kurasa nyingi za maswali kuhusu kliniki, kunyonyesha, chanjo na kuharisha. Mhoji aliyechoka, jua la saa nane likiwa kichwani, akiusogeza mwaka wa kuzaliwa nyuma kidogo anajipunguzia kazi. Wachambuzi huiona alama ya jambo hilo katika takwimu za nchi nyingi: watoto wanapungua ghafla katika mwaka mmoja na kujazana katika mwaka ulioutangulia.

Hayo yote yana tiba za kihesabu. Kisicho na tiba ya uhakika ni mtoto aliyeishi saa chache, na ndiye aliyenifanya niandike sura hii.

Tazama namba tena. Kati ya utafiti wa 2015-16 na ule wa 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43. Vifo vya siku 28 za kwanza vilitoka 25 vikawa 24. Yaani zaidi ya nusu ya vifo vya utotoni sasa hutokea ndani ya mwezi wa kwanza, na katika eneo hilo miaka saba imepita bila mabadiliko ya maana. Sehemu ya maelezo ni ya kitabibu: chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa bila kupumua, wala chanjo haimsaidii njiti wa kilo moja. Sehemu nyingine huenda ni ya rekodi. Katika muda huohuo wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Mama aliyejifungua mbele ya muuguzi, akaambiwa mwanawe alikuwa hai na amefariki, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kulisema hilo kuliko aliyejifungulia nyumbani gizani. Inawezekana kabisa kwamba tumepiga hatua kuliko inavyoonekana, na kwamba namba za zamani ndizo zilizokuwa ndogo mno.

Wataalamu wana kipimo chepesi cha kuligundua hili. Kwa kawaida, karibu robo tatu ya vifo vya mwezi wa kwanza hutokea katika wiki ya kwanza. Utafiti ukionyesha sehemu ndogo sana kuliko hiyo, mchambuzi anajua kuna vichanga ambao mama zao hawakuwataja. Si kwamba mama hao ni waongo. Mwaka 2010 mtafiti Rachel Haws na wenzake walichapisha utafiti walioufanya vijijini kusini mwa Tanzania, wakiwasikiliza wanawake waliopoteza mimba na vichanga. Walikuta ukimya mzito. Mimba yenyewe hufichwa miezi ya mwanzo kwa kuogopa macho mabaya, na ikiharibika au mtoto akifa mapema, mama anaogopa kunyooshewa kidole. Mazishi ya kichanga katika jamii nyingi ni ya wanawake wachache wazee, bila matanga, bila mahema wala rambirambi. Baada ya hapo mama anaambiwa asilie sana, Mungu atampa mwingine. Halafu miaka mitatu baadaye mgeni mwenye tableti anakaa kwenye mkeka wake na kumuuliza kama amewahi kupata mtoto aliyelia au kuonyesha dalili yoyote ya uhai hata kwa muda mfupi. Swali ni zuri na limetungwa kwa uangalifu. Lakini linamtaka mama amtamkie mtu asiyemjua jambo ambalo mama mkwe wake alimwambia alisahau.

Na bado mama anajua. Hili ni jambo ambalo watu wa takwimu wangefaa kulitazama zaidi. Kwa Waislamu wa pwani, wengi wao wafuasi wa madhehebu ya Shafi, kichanga aliyetoa sauti au kuonyesha uhai husaliwa kama mtu mwingine yeyote, na aliyezaliwa mfu huzikwa bila kusaliwa. Kwa Wakatoliki, kichanga aliye hatarini anaweza kubatizwa na mkunga palepale. Kwa hiyo swali la kama mtoto alilia huulizwa na familia usiku uleule, na hujibiwa kwa uzito wote, kwa sababu lina hukumu ndani yake. Kijiji kinajua. Shehe anajua. Daftari la serikali ndilo lisilojua.

Wakati mwingine halijui hata pale mtoto anapozaliwa hospitalini. Muuguzi wa wodi ya wazazi Tanzania anakifahamu kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kila mama ana mstari wake: saa ya kujifungua, njia aliyojifungulia, jinsia na uzito wa mtoto, alama za Apgar za dakika ya kwanza na ya tano, na hali ya mtoto. Mtoto hai anaandikwa hai. Asiye hai anaandikwa kwa herufi tatu. FSB ni mtoto aliyezaliwa mfu punde tu baada ya kufa, ngozi yake bado nzima. MSB ni aliyefia tumboni siku kadhaa nyuma, ngozi imeanza kuchubuka.

Fikiria saa tisa usiku, muuguzi mmoja na wajawazito watatu wenye uchungu. Mtoto anatoka, amelegea, wa rangi ya bluu. Moyo wake unapiga, taratibu sana, lakini hakuna aliyeusikiliza kwa sababu mama anavuja damu na mikono ya muuguzi iko kwa mama. Dakika kumi baadaye mtoto amekufa. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, mtoto ambaye moyo wake ulipiga baada ya kutoka tumboni alizaliwa hai, kisha akafa. Anastahili kuandikwa mara mbili, kuzaliwa na kufa. Kwenye kitabu anaandikwa FSB, herufi tatu tu, na anatoka katika hesabu ya vifo vya watoto moja kwa moja. Akizaliwa kabla ya wiki 28, hata kama alivuta pumzi mara chache, mstari wake unaweza kusomeka kama mimba iliyoharibika.

Tuna ushahidi kwamba hili halikuwa dhana. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuwafundisha wakunga kwa wingi namna ya kumsaidia kichanga apumue: kumkausha, kumsugua mgongo, na asipoanza, kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo yalipimwa katika hospitali 8, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 na Georgina Msemo na wenzake. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hiyo peke yake ni sababu ya kusimama na kuwapigia makofi wakunga hao. Ila kulikuwa na matokeo mengine: watoto walioandikwa FSB nao walipungua, kwa asilimia 24. Mtoto mfu hafufuki kwa mfuko wa hewa. Kama wafu wamepungua kwa sababu ya kupulizia hewa, basi sehemu yao walikuwa hai.

Kuna na shinikizo la aina nyingine. Kifo cha kichanga kinaitisha kikao cha kujadili vifo vya uzazi na watoto wachanga, maelezo ya maandishi, na wakati mwingine barua ya onyo. Vikao hivyo viliwekwa kwa nia njema ya kujifunza, na vinapoendeshwa hivyo ni vya thamani kubwa. Vinapogeuka kuwa mahakama, kalamu ya aliye zamu inakuwa na sababu ya kuteleza. Kiongozi yeyote anayesaini ahadi ya kupunguza vifo katika mkoa wake ajue kwamba njia rahisi kuliko zote za kuitimiza ni kutokuviandika, na ajiulize anawalindaje wale wanaoviandika kwa ukweli.

Sababu ya kifo ni shimo jingine, nami nitalipita kwa haraka zaidi kwa kuwa lina sura yake mbeleni. Mtoto aliyefia nyumbani kwa homa na kukakamaa familia itasema ni degedege. Baadhi ya degedege ni malaria iliyopanda kichwani, baadhi ni homa ya uti wa mgongo, baadhi ni homa nyingine kabisa. Mbinu iliyopo ni mahojiano ya kifo. Mhoji hurudi nyumbani baada ya msiba kutulia na kuuliza homa ilianza lini, kama mbavu zilibonyea mtoto alipovuta pumzi, kama shingo ilikaza, kama aliacha kunyonya. Daktari husoma majibu na kuamua. Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini malaria kali na nimonia kwa mtoto mdogo hufanana sana machoni pa mzazi. Ndiyo maana kazi inayofanyika Siaya na Kisumu, nchini Kenya, ambako kwa ridhaa ya wazazi huchukuliwa chembe za mwili kwa sindano muda mfupi baada ya kifo, ni ya maana. Imeonyesha kwamba watoto wengi hawauawi na ugonjwa mmoja, na kwamba utapiamlo umo mara nyingi katika mnyororo wa sababu.

Wapo watakaosema namba kamili ni anasa ya wasomi. Jibu langu ni Rufiji na Morogoro. Katika miaka ya 1990 mradi wa afya ulioitwa TEHIP ulilinganisha kilichowaua watu wa wilaya hizo na namna fedha za afya zilivyotumika. Takwimu za vifo zilikusanywa nyumba kwa nyumba. Rufiji, ambako kituo kilikuwa Ikwiriri, watu zaidi ya 80,000 walitembelewa kila baada ya miezi minne, na kila kijiji kilikuwa na watoa taarifa wake wa kuzaliwa na kufa. Morogoro ilionekana kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipata asilimia 5 tu ya bajeti. Halmashauri zikasogeza fedha kwenda kwenye magonjwa yaliyoua, zikiongezewa kiasi kisichozidi dola chache kwa kila mkazi, na zikawafundisha wahudumu matibabu ya mtoto mgonjwa kwa ujumla wake. Katika muda wa miaka mitano vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Hiyo asilimia 40 ndiyo iliyosafiri dunia nzima. Wachache wanataja hesabu ya pili. Watafiti walipozilinganisha wilaya hizo na Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo hayo yalikuwa bado, walikuta vifo vya watoto viko chini kwa asilimia 13. Kilombero na Ulanga nako vifo vilikuwa vikipungua, kwa sababu zao. Asilimia 13 haina mvuto wa jukwaani, ila ndiyo ninayoiamini, na ni watoto wengi. Tusingeweza kuijua kama wilaya zote nne zisingekuwa na watu wanaoandika vifo mwaka hadi mwaka.

Utaratibu huo ulibaki katika maeneo machache ya utafiti. Kwingineko nchini tuliendelea kusubiri utafiti wa kitaifa kila baada ya miaka mitano au zaidi, na tafiti hizo, tangu mpango wake wa kimataifa ulipoanza mwaka 1984, zimetegemea fedha za Marekani kupitia USAID. Februari 2025 fedha hizo zilikatwa. Wafadhili wengine wamejitokeza kuokoa sehemu ya kazi, lakini somo liko wazi kwa anayetaka kulisoma. Nchi nyingi zilipima vifo vya watoto wao kwa chombo ambacho ofisi moja ya ng'ambo iliweza kukizima.

Kinachotakiwa kinajulikana na hakihitaji mtaalamu kutoka mbali. Taarifa ya kifo cha mtoto ipokelewe palepale inapopokelewa ya kuzaliwa, kwenye ofisi ya kata na kwenye zahanati, bila ada na bila kudai kwanza cheti cha kuzaliwa. Mhudumu wa afya ya jamii apewe fomu na uwezo wa kuituma kwa simu. Kichanga aliyeonyesha uhai aandikwe kuzaliwa na kufa siku hiyohiyo. Muuguzi anayeandika ukweli asiadhibiwe kwa ukweli huo. Na bajeti ya kazi hii iwe katika vitabu vya serikali yetu wenyewe.

Nawe msomaji, usisubiri hayo yote. Mtoto akifariki katika ukoo wako, hata kama aliishi saa moja, nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa kabla siku 30 hazijapita. Taja jina lake, au kama hakuwahi kupewa, taja jinsia yake, jina la mama yake, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Omba iandikwe, na usiondoke mpaka uone imeandikwa.